Gari dogo katika miteremko ya Nyeri: Kwa nini moja hupita na jingine likabingirika

Mvua ya masika inapoanza kunyesha katika safu ya Nyandarua na Mlima Kenya, wakazi wa Othaya, Tetu na Mukurweini huanza kuutazama kwa makini mtaro wa kando ya barabara. Ndani ya mtaro huo, wala si kwenye majabali ya mlimani, ndipo gari dogo lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne huweza kulala ubavu mbele ya macho ya wanafunzi wanaotoka shuleni, na dereva akatokea dirishani akiwa amejaa matope na aibu.

Wenye magari ya aina hiyo huamini kwamba gari linalosukumwa na magurudumu manne halipinduki. Imani hiyo haina msingi. Nguvu ya magurudumu manne humsaidia dereva kusonga mbele mahali ambapo gari la kawaida lingekwama, lakini haina uwezo wowote wa kulizuia gari lisianguke upande. Kwa hakika humwongezea dereva hatari, kwa kuwa humfikisha mahali ambapo gari lake lisingefika kama lingekuwa la kawaida.

Ili kuelewa tatizo hili, ni muhimu kuielewa ardhi yenyewe. Mito kama Chania, Gura na Ragati imechimba mabonde yenye kina kirefu yanayoteremka kutoka milimani, na baina ya mabonde hayo kumebaki migongo mirefu ya ardhi. Barabara kuu hufuata migongo hiyo. Lakini mtu anayetaka kuvuka kutoka mgongo mmoja hadi mwingine hana budi kushuka hadi mtoni, kuvuka daraja na kupanda upya. Njia hizo za kuvukia ndizo zenye balaa, kwa sababu hukatwa kwenye ubavu wa kilima huku upande mmoja ukiwa ukuta wa udongo na upande wa pili shamba la majani chai lililoning'inia juu ya bonde.

Udongo wenyewe ni mwekundu, uliotokana na miamba ya volkeno. Ukikauka huwa mgumu kama tofali. Ukinyeshewa, tabaka lake la juu huteleza kama sabuni ilhali chini kungali kugumu. Upande wa Kieni, kuanzia Mweiga kuelekea Naro Moru, kuna maeneo ya udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hunata kwenye tairi hadi meno yake yote yakajaa na tairi likawa kama gogo laini. Mradi wa barabara za Mau Mau, uliopangiwa kupitia Kiambu, Murang'a, Nyeri na Nyandarua, ulikusudiwa kuwaondolea wakazi wa kando ya msitu wa Aberdare adha hii. Hata hivyo, lami ikifika kwenye mgongo wa kilima, vijia vinavyoteremka hadi kwenye maboma ya wakulima hubaki vilevile.

Katika mazingira hayo, gari dogo la Suzuki limejipatia heshima isiyo kifani. Kuna waliolijua kwa jina la Sierra, wengine Samurai, na wengine Maruti, kutokana na kampuni ya India iliyoliunda kwa jina la Gypsy kuanzia 1985. Familia yenyewe, inayoitwa Jimny, ilianza nchini Japani 1970. Modeli ya SJ410, iliyotokea mapema katika miaka ya 1980, ilikuwa na injini ya takriban lita moja tu. Ile iliyozinduliwa 2018 ina injini ya lita 1.5, na uzito wake ni takriban kilo 1,100, yaani karibu nusu ya uzito wa Land Cruiser kubwa.

Wepesi huo ndio siri yake. Daktari wa mifugo anayeitwa usiku kwenda kuzalisha ng'ombe upande wa pili wa bonde huhitaji gari lisilozama kwenye matope, linaloweza kugeuzwa kwenye kijia chembamba, na ambalo likikwama watu wanne wataliinua upande mmoja na kulisogeza. Gari hilo lina upana wa mita 1.65 hivi, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.25 tu. Linapita mahali ambapo kubwa lingehitaji kung'oa ua wa mtu.

Lakini wembamba huohuo una gharama yake, na gharama hiyo inaweza kupigiwa hesabu na mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili. Gari lililosimama kwenye mwinamo wa upande hupinduka pale ambapo mstari unaoshuka wima kutoka kwenye kitovu chake cha uzito unapopita nje ya tairi la upande wa chini. Mambo mawili ndiyo huamua. La kwanza ni nafasi baina ya tairi la kushoto na la kulia, ambayo kwa Jimny ya 2018 ni takriban mita 1.4. La pili ni kimo cha kitovu hicho kutoka ardhini.

Tuseme kitovu kiko sentimita 70 kutoka chini. Nusu ya mita 1.4 pia ni sentimita 70. Vipimo hivyo viwili vikilingana, gari hufikia ukomo wake kwenye mwinamo wa nyuzi 45. Hiyo ni hesabu ya karatasini, ikichukulia kwamba gari ni kipande kimoja cha chuma kisichonyumbuka, limesimama tuli, halina abiria wala mzigo, na ardhi ni laini kama meza.

Sasa dereva apandishe kwenye keria mifuko miwili ya mbolea ya kilo 50 kila mmoja, ikae kwenye kimo cha mita 1.8. Kitovu cha uzito hupanda kutoka sentimita 70 hadi karibu 79, na ukomo hushuka kutoka nyuzi 45 hadi takriban 41. Nyuzi nne si nyingi kwenye karatasi. Lakini mifuko ileile ikiwekwa sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, ukomo huo haupungui hata kidogo, na mara nyingi huongezeka. Tofauti ni mahali pa kuweka mzigo tu, jambo ambalo halimgharimu mtu senti.

Springi nazo zina lao. Gari linapoinama, uzito huhamia upande wa chini, springi za huko hubonyea na zile za juu hutanuka, hivyo mwili wa gari huinama zaidi kuliko ardhi yenyewe. Tairi la chini nalo hufura ubavuni. Abiria hulalia upande uleule wa chini, kila mmoja akimwegemea mwenzake. Yote hayo hula nyuzi kadhaa kabla ya gari kusonga hata hatua moja.

Na linaposonga, jiwe moja hutosha. Gari likiwa kwenye mwinamo wa nyuzi 25, kisha tairi la upande wa juu likapanda jiwe la sentimita 20 huku la upande wa chini likitumbukia kwenye shimo la kina hichohicho, tofauti ya sentimita 40 huongezeka kwenye upana wa mita 1.4. Hizo ni nyuzi nyingine 16 au 17. Dereva aliyekuwa na akiba ya kutosha hujikuta ukingoni mara moja, na kama alikuwa akienda kwa kasi, mrusho wa jiwe hummalizia safari. Hii ndiyo sababu madereva wenye uzoefu hawaogopi mwinamo wenyewe kama wanavyoogopa jiwe lililojificha kwenye nyasi za upande wa juu.

Jambo la kushangaza ni kwamba binadamu hana kipimo kizuri cha mwinamo mwilini mwake. Mwinamo wa nyuzi 20 humfanya abiria asiyezoea ashike mpini wa mlango na kuomba Mungu, na akifika nyumbani atasimulia kwamba gari lilikuwa limesimama kwa ubavu. Woga huo si mbaya, lakini dereva anahitaji kipimo cha kweli. Simu nyingi za kisasa zina programu ya kupima mwinamo. Asiye na simu ya aina hiyo anaweza kufunga nati kwenye uzi na kuuning'iniza mbele ya kipima pembe cha mtoto wa shule kilichobandikwa kwenye dashibodi. Vilevile anaweza kutumia macho tu: kama tairi la upande mmoja limesimama nusu mita juu kuliko la upande wa pili, gari hilo la upana wa mita 1.4 limeinama nyuzi 21 hivi. Likisimama sentimita 70 juu, ni nyuzi 30, na hapo mtu wa busara huanza kutafuta njia nyingine.

Kanuni ya kwanza ya miteremko ni kwamba gari hupanda na kushuka kwa unyoofu, halikati mteremko kwa mshazari. Sababu yake ni rahisi. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.25, lakini kutoka kushoto hadi kulia ni mita 1.4 tu, gari ni refu kuliko lilivyo pana, kwa hivyo ni gumu zaidi kulipindua kuelekea mbele au nyuma kuliko upande. Anayepanda kwa mshazari akidhani anapunguza ukali wa kilima huwa anageuza mwinuko kuwa mwinamo.

Zaidi ya hayo, gari linalokata mshazari huinua gurudumu moja la mbele na jingine la nyuma la upande wa pili. Difu ya kawaida hupeleka mzunguko kwenye gurudumu lisilo na uzito, nalo huzunguka bure hewani huku wenzake wakiwa wametulia. Suzuki za zamani hazina dawa ya ugonjwa huo isipokuwa kurudi nyuma. Jimny ya 2018 hutumia breki kuzuia gurudumu linalozunguka bure ili nguvu iende kwa mwenzake, lakini hata hiyo huhitaji gurudumu moja angalau liwe limekanyaga chini barabara.

Kanuni ya pili huhitaji miguu. Kabla ya kuingia mahali asipopajua, dereva hushuka na kupatembelea mwanzo hadi mwisho, akipiga udongo kwa kisigino, akitafuta mawe, mashina na mashimo ya fuko. Abiria nao hushuka, wakatembea upande wa juu wa gari, kamwe si wa chini. Dereva hubaki peke yake, mshipi wa usalama ukiwa umefungwa na vioo vimepandishwa ili asije akatoa mkono nje iwapo gari litaanguka. Mikono mingi iliyovunjika katika ajali za aina hii ni ile iliyojaribu kuzuia gari.

Wanaobishana kuhusu umuhimu wa kutembea kwanza hawana budi kuangalia shindano la Rhino Charge, linalofanyika kila mwaka nchini Kenya tangu 1989. Lilianzishwa ili kuchangia wakfu wa Rhino Ark, uliobuniwa 1988 kwa lengo la kujenga ua wa umeme kuzunguka msitu wa Aberdare, kuwalinda vifaru na wanyama wengine na wakati huohuo kuwaepusha wakulima wa Nyeri na majirani zao na hasara ya ndovu mashambani. Ua huo wa takriban kilomita 400 ulikamilika 2009, na wakfu huo baadaye ukaugeukia Mlima Kenya.

Katika shindano hilo, kila timu hupewa saa 10 kufika kwenye vituo 13 vilivyotawanywa nyikani, na mshindi si aliye na kasi bali ni aliyetumia umbali mfupi zaidi. Hivyo basi kishawishi cha kupita moja kwa moja juu ya majabali ni kikubwa. Na bado, katika timu hizo zenye magari yaliyoimarishwa kwa vyuma, utaona watu wakikimbia kwa miguu mbele ya gari, wakichagua njia na kumwelekeza dereva kwa ishara za mikono. Kama bingwa wa nyika humtanguliza mtu, mwenye Suzuki ya kubebea maziwa ana sababu gani ya kuona haya?

Gari likianza kuteleza au kuinuka upande wa juu, silika humwambia dereva akate usukani kuelekea juu, mbali na bonde. Silika hiyo hudanganya. Kukata kuelekea juu huusukuma uzito upande wa chini na kuharakisha anguko. Dawa ni kinyume chake: kuelekeza magurudumu ya mbele chini ya mteremko, taratibu na bila kukanyaga breki kwa ghafla, ili gari ligeuke na kutazama bondeni. Hapo mwinamo wa hatari hugeuka kuwa mteremko wa kawaida. Ni kweli kwamba inatisha kuliko maneno yanavyoweza kueleza, na kwenye kijia chembamba juu ya mto nafasi ya kufanya hivyo huenda isiwepo. Ndiyo maana uamuzi hufanywa kabla ya kuingia, si ndani.

Katika kushuka, gia ndogo ya kubadilisha nguvu huwekwa kwenye kiwango cha chini, gia kubwa ikawa ya kwanza, na injini ikaachwa izuie gari yenyewe. Anayekanyaga klachi hapo huliachilia gari lijiendee. Anayefunga breki kwenye udongo mwekundu uliolowa huona nyuma ya gari ikitaka kupita mbele, gari likakaa kimshazari, na hesabu zote za hapo juu zikaanza upya.

Upepo wa tairi nao umezua mabishano mengi kwenye gereji za Karatina na Nanyuki. Kupunguza upepo husaidia sana kwenye matope na udongo mweusi, kwani tairi hupanuka na kushika. Lakini kwenye mwinamo wa upande tairi lililolegea huinamisha gari zaidi na laweza kuchomoka kwenye rimu. Anayepunguza upepo kwa ajili ya tope la Mweiga anapaswa kukumbuka kuurudisha kabla ya kuingia kwenye kijia cha ubavuni mwa kilima.

Mlimani kwenyewe mambo hubadilika kidogo. Barabara ya Naro Moru hufika kituo cha hali ya hewa kilicho takriban mita 3,050 juu ya usawa wa bahari. Ile ya Sirimon hupanda hadi kambi ya Old Moses, karibu mita 3,300. Nayo ya Chogoria, inayopita katika msitu na mianzi, inajulikana kwa matope yake. Katika kimo cha mita 3,000 hewa ni nyepesi kwa takriban robo, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Dereva anayehisi gari limechoka hushawishika kujazia kwa kasi, na kasi ndiyo hugeuza jiwe dogo kuwa chombo cha kurushia gari. Suzuki za zamani zenye kabureta zina kasoro nyingine: zikiinama sana, petroli huvurugika ndani ya kabureta na injini ikazimika, mara nyingi mahali pabaya kuliko pote. Aidha, katika mbuga za Aberdare na Mlima Kenya hairuhusiwi kuacha barabara na kuingia nyikani, kwa hivyo anayetafuta mteremko wa kujipima nguvu atafute kwingine, tena kwa idhini ya mwenye shamba.

Sifa ya Suzuki ya kupinduka ilienea duniani si kwa sababu ya milima bali kwa sababu ya lami. Mwaka wa 1988 jarida la Consumer Reports la Marekani liliripoti kwamba Samurai ilipinduka kwa urahisi ilipokatwa kona za ghafla katika majaribio, na likawashauri wasomaji wasiinunue. Suzuki ilikwenda mahakamani 1996, na kesi ikamalizwa kwa maafikiano 2004 bila fedha kulipwa. Wahandisi wameendelea kubishana kuhusu majaribio hayo, lakini jambo moja halina ubishi: gari fupi, jembamba na lililoinuka likikatwa usukani kwa ghafla kwenye kasi ya kilomita 80 kwa saa hukabiliwa na nguvu za upande ambazo hakuna mteremko wa Tetu unaoweza kuzifikisha kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mwenye gari la aina hii anayetoka salama kwenye vijia vya Othaya, kisha akaingia barabara kuu ya Kenol, Sagana na Marua na kukanyaga mafuta, ndiyo kwanza anaingia kwenye hatari.

Ikitokea gari limelala, la kwanza ni kuzima injini na kunusa kama petroli inamwagika. Anayening'inia kwenye mshipi hujishikilia kwanza kabla ya kuufungua, la sivyo ataangukia shingo. Watu watokee upande wa juu, na umati unaokusanyika uondolewe upande wa bonde, kwa kuwa gari lililolala laweza kubingirika tena.

Majirani wa Nyeri hawahitaji kufundishwa namna ya kuliinua. Kamba ikifungwa kwenye chasisi au ekseli, wala si kwenye bampa, na kundi jingine likashika kamba ya pili upande wa juu ili lisijirushe na kupitiliza, gari la kilo 1,100 husimama. Kosa hufanyika baada ya hapo, pale mwenyewe anapokimbilia ufunguo kwa furaha. Oili iliyoingia juu ya pistoni wakati gari limelala haibonyei kama hewa, na injini ikiwashwa hivyo huweza kupinda mkono wa pistoni. Plagi hutolewa kwanza zote, injini ikazungushwa mara kadhaa ili oili itoke, kiasi kilichobaki kikapimwa na kuongezwa, ndipo plagi zikarudishwa na ufunguo ukatiwa.